Bibi Harusi wa Mifupa

Kama wiki iliyopita uliniacha nimesimama mlangoni na ujumbe wa karantini kwenye simu, basi bado nipo palepale. Siku kumi na nne si mchezo.

Na kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, karibu, sogea, nikueleze kwa kifupi. Naitwa Brigitha, msichana wa Tabora niliyeletwa Sydney na ndoa. Mume wangu Januari alirudi nyumbani Februari 2020 kumzika baba yake, na mipaka ya Australia ikafungwa nyuma yake. Mwaka na nusu sasa Hope, mtoto wetu wa miaka sita, anambusu baba yake kwenye kioo cha simu. Kazi yangu ya usafi kwenye mabweni ya wanafunzi kule Kensington ikafa, chumba chetu kikafuata. Tukaishia huku Fairfield, chumba cha nyuma, kwa mama mmoja wa Mexico anayeitwa Doña Eulalia. Mwenyewe alitaka tumwite Doña Lala.

Doña Lala alikuwa akifungasha saladi kiwandani. Agosti 2021 mtu mmoja wa zamu yake akapatikana na Korona, na sisi sote watatu tukafungiwa ndani. Kila siku polisi mmoja na mwanajeshi mmoja walikuja kubisha hodi kuhakikisha tupo.

Hapo ndipo tulipoachana. Leo naungama jambo ambalo hata Januari sijamwambia. Nililifanya kwa mikono yangu hii, na ubaya wake ni kwamba nililifanya kwa upendo.

Mexico niliijua tangu utotoni, au niliamini naijua. Jirani yetu Tabora alikuwa na televisheni, na saa moja jioni mtaa mzima tulijaa sebuleni kwake kumlilia msichana maskini aliyependwa na mtoto wa tajiri. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kuonana na Doña Lala nilitarajia hereni kubwa na ngazi za marumaru. Nikakuta mama mfupi aliyevaa soksi mbili mbili, mikono imechubuka kwa baridi ya kiwandani.

"Tabora wanaangalia tamthilia zetu?" aliniuliza.

"Wanalia kabisa, mama."

Akacheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo tulikuwa tunaangalia pamoja. Yeye ananitafsiria, mimi nabisha kwamba yule shangazi ndiye muuaji. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo maneno yake nayaandika hapa nilivyoyaelewa. Mimi aliniita mija, yaani binti yangu. Hope alimwita Hopita.

Kitu kimoja tu sikukielewa. Akisikia hodi, Doña Lala alikimbilia bafuni na kufungulia maji. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlango kila siku. Yeye aliwaonyesha askari uso wake dirishani, nusu uso, halafu anarudi bafuni.

"Labda vibali vyake vina shida," nilijisemea. Sikuuliza.

* * *

Alhamisi asubuhi jino la kwanza la Hope liling'oka kwenye mkate.

"Mummy! Look! Blood!"

"Hongera, mama! Twende uani tukalirushe juu ya paa uombe jipya."

Doña Lala aliachia kikombe chake. "Hapana! Usilitupe, mija. Nipe mimi nikutunzie."

"Ulitunze wapi, mama?"

"Kwa Bibi yangu. Kwake hakuna kitu kinachopotea."

"Bibi gani tena?"

"Ipo siku nitakuonyesha."

Msomaji wangu, wewe na mimi tumelelewa kumoja. Mtu baki akikuomba jino la mwanao, au nywele zake, au ukucha, unafanyaje? Unacheka? Nilifumba kiganja nikasema limeshaangukia kwenye sinki.

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza.

Mchana Doña Lala alitoka kuanika nguo. Nikamtafuta Hope sebuleni, sikumwona. Nikamtafuta chumbani kwetu, hayupo. Mlango wa chumba cha Doña Lala ulikuwa wazi, na sauti ya mwanangu ilikuwa ndani, inaongea na mtu.

Niliingia mbio. Hope alikuwa amepiga magoti mbele ya pazia lililofunuliwa.

"Mummy, she's a bride," akasema.

Bibi harusi kweli. Gauni jeupe, shela, shada la maua mkononi. Urefu wake kama chupa kubwa ya maji. Na ndani ya shela, badala ya uso, fuvu. Lilikuwa linatabasamu na meno yake yote.

Mbele yake kulikuwa na glasi ya maji, kipande cha mkate, sigara moja na rozari. Na chini ya miguu yake ya mifupa kulikuwa na picha.

Picha ya Hope. Ile ya siku ya kwanza ya shule, akiwa amevaa kofia ya jua. Nilimpa Doña Lala kwa mkono wangu mwenyewe, aibandike kwenye friji.

Nilimbeba mtoto kama gunia la mchele na kukimbia.

* * *

Nikampigia Dada Goreth.

Dada Goreth ni Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, anaishi Quakers Hill, analea wazee katika nyumba moja ya wazee hapa karibu nasi. Ndiye mama wa ushirika wetu wa maombi wa Zoom. Tangu tufungiwe alikuwa akipita kila Ijumaa kabla ya zamu na kutuachia mlangoni unga, maharage na ndagala, dagaa wa kwao. Bila yeye tungekula saladi mpaka tuote majani.

"Mifupa?" akauliza. "Yenye nguo?"

"Gauni la harusi, dada. Na shela."

"Na picha ya mtoto?"

"Chini ya miguu."

Nikamsikia anafunga mlango.

"Yesu wangu. Ma sœur, dada yangu, huyo mtoto wamemwandikisha."

"Wamemwandikisha wapi?"

"Unaniuliza wapi, na wewe umeona mifupa?"

"Lakini dada, huyu mama anasali. Ana rozari. Kila Jumapili anaangalia misa kwenye simu."

"Shetani pia anaijua Biblia, ma sœur, vraiment, kweli kabisa, anaijua kuliko wewe. Na jino aliliomba la nini? La supu?"

Nikalitoa jino mfukoni, nikalitazama.

"Ile kitu tutaichoma," akasema. "Kesho nikipita na chakula, uiweke kwenye mfuko, uache mlangoni. Jumamosi saa kumi jioni, mbele ya watu wote. Na wewe utatoa ushuhuda."

Mnaujua utaratibu. Kitu cha giza hakitupwi kwenye takataka, kitarudi. Kinaletwa mbele ya watu, kinapakwa mafuta, zinaimbwa nyimbo tatu, kinachomwa, na mwenye nacho anashuhudia. Kambini Goreth aliona hirizi zinaunguzwa kwa marundo. Tofauti ni kwamba safari hii moto ungewashwa kwenye jiko la kuchomea nyama uani kwake, na sisi wengine tungeangalia kwenye simu.

"Waimbaji wanne watakuwa hapa kwangu," akaongeza kwa sauti ya chini. "Usiseme kwa mtu. Kukusanyika ni faini, na mimi kule kwa wazee wakisikia, kazi imekwisha. Umesikia, ma sœur?"

"Nimesikia, dada. Siwezi kusema."

Ijumaa asubuhi Doña Lala akiwa anaoga, niliingia chumbani kwake. Nilimnyakua bibi harusi bila kumwangalia usoni. Alikuwa mwepesi. Nilipomgeuza kumtia mfukoni, ndani ya tumbo lake kitu kidogo kiligonga. Tiki, tiki.

Nikaitoa picha ya mwanangu, nikarudisha pazia lilivyokuwa, nikaweka mfuko nje ya mlango. Dada Goreth akaacha maharage, akachukua mfuko, akanipungia mkono akiwa kwenye gari.

Nililala usingizi mzuri siku hiyo. Nawaambieni ukweli wote.

* * *

Jumamosi saa tisa alasiri simu ya Doña Lala iliita. Alikuwa jikoni anamenya viazi. Nikasikia kisu kimeanguka, halafu ukelele.

Nilipofika alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. Alinikumbatia, na maganda ya viazi mkononi.

"Wamempata, mija! Labda wamempata!"

"Nani, mama?"

"Rosendo wangu."

Sikuwahi kulisikia jina hilo. Akanikalisha. Akanishika mikono yote miwili, na hakuiachia mpaka alipomaliza.

Rosendo alikuwa mtoto wake. Hakumzaa. Mama yake alikuwa mpangaji, msichana aliyetoka kusikojulikana, akafa siku ya kujifungua. Doña Lala akamchukua mtoto bado ana damu ya uzazi kichwani. Akamlea, akamsomesha, akamnunulia kodiani ya mtumba, maana kijana alikuwa na sauti.

"Aliimba kwenye bendi ya harusi," akasema. "Lakini kule kwetu harusi za maskini hazilipi. Wanaolipa ni wakubwa wa unga, wauza dawa za kulevya. Wanataka waimbwe majina yao, jinsi walivyo wanaume, idadi ya watu waliowalaza kaburini. Rosendo alimwimba mmoja wao. Wimbo mmoja tu, mija. Ukapendwa. Watoto wakauimba mitaani, ukapigwa kwenye mabasi."

"Halafu?"

"Halafu adui wa yule mkubwa naye akausikia."

Akanibana vidole.

"Walikuja saa kumi jioni, watu wamekaa nje wanakunywa soda. Walivaa sare za polisi. Walibisha hodi kwa adabu, mara tatu. Mmoja akaniamkia. Akasema, 'Mama, Rosendo yupo? Tuna swali dogo tu.' Mimi ndiye niliyefungua mlango, mija. Mimi ndiye niliyemwita. Nikamwambia, mwanangu, njoo, kuna askari wanakuulizia."

Hapo nikaelewa maji ya bafuni.

"Miaka kumi," akasema. "Polisi wa kweli walikataa hata kuandika jina lake. Padri alinionea huruma lakini alinikataza habari za Bibi yangu. Sikumlaumu. Lakini watakatifu wengine wote niliwaomba wamrudishe akiwa hai, wakanyamaza. Nikaenda kwa yule ambaye watu wote wanapita kwake. Mtakatifu Kifo. Nikamwambia, kama unaye, nirudishie hata mifupa."

Msomaji, nikakumbuka mfuko niliouweka mlangoni jana.

"Kule nyumbani kuna akina mama wanatafuta watoto wao," akaendelea. "Wanatembea mashambani na fimbo za chuma. Wanachomeka fimbo ardhini, wanaitoa, wanainusa ncha kama inanuka maiti. Jana walipata shimo. Watu watano. Mmoja ana bizimu ya mkanda yenye jogoo. Bendi ya Rosendo ilikuwa inavaa jogoo!"

"Mungu wangu. Kwa hiyo ni yeye?"

"Bizimu haitoshi. Wanataka vinasaba. Na mimi damu yangu si damu yake, haiwezi kusema kitu. Nguo zake ziliungua pamoja na nyumba yetu walipoichoma. Lakini mija, jino lake la kwanza ninalo! La utoto! Alipoling'oa alikuwa na miaka sita, kama Hopita. Nililihifadhi kwa sababu sikumzaa. Nilitaka kitu chake ambacho mtu hawezi kuja kuninyang'anya. Jumatatu mtu wa maabara atakuja kulichukua hapa mlangoni."

"Liko wapi?"

"Kwa Bibi yangu. Ndani ya tumbo lake. Ndiyo maana nilikuambia la Hopita nalo tulitunze. Mama hajui lini litamfaa, na namwomba Mungu lisikufae kamwe. Njoo. Leo nitakuonyesha."

Alinivuta kwa mkono hadi chumbani. Alikuwa anatembea kama bibi harusi mwenyewe. Akashika pazia, akajifuta machozi kwanza, akafunua.

Glasi. Mkate. Sigara. Rozari.

Hakupiga kelele. Alipapasa palipokuwa wazi, kama kipofu anayetafuta kijiko.

"Na picha ya Hopita pia haipo," akasema taratibu. "Nilimwekea hapo tangu tufungiwe. Ampite mtoto asimguse. Na amrudishe baba yake." Akanigeukia. "Nani ameingia humu, mija?"

Nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na mdomo, na ulimi, na miaka ishirini na saba ya malezi ya mama yangu.

"Sijui, mama," nikasema.

Huo wa pili.

* * *

Alianza kutafuta chini ya kitanda, ndani ya viatu, kwenye kapu la nguo chafu. Mimi nikaingia bafuni na simu. Safari hii ni mimi niliyefungulia maji.

Nilimpigia Dada Goreth mara saba. Imezimwa. Nikakumbuka, siku ya kufunga na kuomba ushirika wote huzima simu mpaka ibada ianze. Ujumbe wangu ukakaa na tiki moja.

Saa kumi kamili nikaingia Zoom. Tulikuwa watu sitini na mmoja. Katikati ya kioo uani kwa Dada Goreth kulikuwa na jiko la kuchomea nyama, moto wa kuni unawaka, waimbaji wanne wamevaa mashuka meupe, barakoa zimeshushwa kidevuni. Na juu ya meza, kwenye sinia, bibi harusi.

"Dada Goreth!" nikapaza sauti. "Dada, ngoja!"

Hakuna aliyegeuka. Mzee Abednego, msimamizi wa Zoom yetu, huzima vipaza sauti vyote tangu siku ile mtoto wa mtu alipoharibu mahubiri kwa kuomba karatasi ya chooni. Nilikuwa napiga kelele ndani ya chupa.

Nikaandika: MSICHOME. Lakini watu sitini walikuwa wanaandika Amina, Amina, Haleluya, Amina, na neno langu likapanda juu na kupotea. Nikaliandika tena. Amina. Amina. Amina.

"Kabla ya nyimbo tatu," Dada Goreth akasema, "tumsikie mama wa mtoto. Mzee Abednego, mfungulie dada Brigitha. Ma sœur, shuhudia!"

Kipaza sauti kikafunguka.

"Dada Goreth, usichome!" nikasema. "Nimekosea! Ndani yake kuna jino la mtoto!"

Hata moto niliusikia.

"Jino la nini?"

"La mtoto! Kuna mtoto alichukuliwa, jina lake Rosendo, alikuwa anaimba, wamepata mifupa shimoni na sasa..."

Jamani, nilijisikia mwenyewe ninavyosema. Mtoto. Mifupa. Shimo. Jino ndani ya sanamu ya kifo. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilikuwa kuni.

"Mmesikia, wapendwa?" Dada Goreth alimnyanyua bibi harusi hadi kwenye kamera na kumtikisa. Tiki, tiki. "Sikieni! JINO LA MTOTO! Na huyu mama wamemfunga mpaka anatuomba tusichome!"

"Moto!" wakaitikia waimbaji.

"Dada, ni la marehemu, ni la mtoto wake mwenyewe, linatakiwa maabara..."

Kioo kikaniandikia kwamba nimezimwa. Mzee Abednego, kwa huruma yake, aliamua niombewe badala ya kusikilizwa.

Wimbo wa kwanza ukaanza.

Mlango wa bafuni nilikuwa sijaufunga kwa komeo. Nilipoinua macho, kwenye kioo cha ukutani nilimwona Doña Lala amesimama nyuma yangu. Alikuwa anatazama simu. Alikuwa anamtazama Bibi yake akipakwa mafuta na mtu asiyemjua.

Alitazama simu. Akanitazama mimi.

"Wewe?"

Wa tatu ulikuwa tayari kwenye ulimi, nauungama huo pia. Nikaumeza.

"Mimi, mama. Nilidhani unataka kumuua mwanangu."

Hakunipiga. Mpaka leo natamani angenipiga. Aliketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea na kufunga bomba la maji, taratibu, kana kwamba kilichokuwa kinamsumbua ni kelele za maji tu.

"Wako wapi hao watu?"

"Quakers Hill."

"Ni mbali?"

"Nusu saa kwa gari."

"Wana nyimbo ngapi?"

"Tatu."

Wimbo wa kwanza ulikuwa umekwisha.

Nikachukua funguo za gari lake kwenye msumari. Hope akasimama katikati ya korido, mikono kiunoni kama mwalimu. "Mummy, we're not allowed."

"Najua, mama. Nipishe."

Kwenye simu wimbo wa pili ulifika katikati.

Na hapo, mlangoni, pakabishwa hodi. Kwa adabu. Mara tatu.

Doña Lala akakauka. Nilimwona akiangalia bafu. Nilimwona akimwangalia Hope, halafu mlango, halafu bafu tena. Hope, ambaye kwa siku zote hizo alikuwa amejifunza, akamsogelea na kumpa mkono ampeleke kwenye maji.

Doña Lala akaubusu ule mkono, akauachia. Akanipita mimi. Akaenda kufungua mwenyewe.

Polisi mmoja kijana na mwanajeshi mmoja wa kike, barakoa usoni, karatasi mkononi, wamesimama mbali kidogo kama kawaida yao.

"Good afternoon, ladies, it's only us," polisi akasema. "Leo naona mama mwenyewe ndiye aliyefungua!"

"Mwanangu," Doña Lala akasema. Hakurudi nyuma. "Mwanangu anaungua moto. Sasa hivi."

Mwanajeshi akachungulia ndani, akamwona Hope.

"Huyu?"

"Si huyu. Mwanangu mwingine. Wanamchoma. Quakers Hill."

Polisi aligeuka mtu mwingine. Mkono mmoja ukaenda kwenye redio ya begani, mwingine ukatoa kalamu.

"Quakers Hill wapi, mama? Nipe anwani."

Doña Lala hakuijua. Aligeuka akanitazama. Polisi akanitazama. Mwanajeshi akanitazama.

Naijua nyumba ya Dada Goreth. Namba, mtaa, rangi ya geti. Najua pia watu watano walio uani kwake bila ruhusa, na moto, na barakoa za kidevuni, na kazi ya wazee inayolisha nduguze waliobaki kambini. Harufu ya maharage yake ilikuwa inatoka jikoni kwetu wakati huohuo. Nilimwambia siwezi kusema.

Kwenye simu iliyokuwa mkononi mwangu, Dada Goreth alichukua koleo la kugeuzia nyama. Akambana bibi harusi kiunoni, shela likaning'inia.

"Anwani, mama," polisi akarudia.

Wakafika kwenye kiitikio cha wimbo wa tatu. Nikafungua mdomo.